TUSUGUE BIDONI ZETU NDANI



Kuna wanafunzi wanaosema eti bidoni haina haja ya kusuguliwa: tia dawa ya klori katika maji, ngoja nusu saa, kunywa, hapana shida. Mimi sikubali. Dawa ni nzuri, tuendelee kuitia, lakini peke yake haitoshi.

Ingizeni kidole katika shingo ya bidoni ya zamani. Mutasikia utelezi. Ule si udongo tu, ni kijiji cha bakteria. Wenye elimu wanakiita biofilimu. Bakteria wanashika ukuta wa bidoni, wanatengeneza ute na kujifunika nao. Wale wa juu wanapata oksijeni na chakula kutoka majini, basi wanakula na kuzaana upesi. Wale wa chini wanakosa vyote viwili. Kazi ya mwili wao inapungua, wanakaa kama watu waliolala. Lakini hawajafa.

Sasa tazameni klori. Ikigusa ute, nguvu yake inaliwa pale juu kabla ya kufika chini. Wa juu wanakufa, wa chini wanabaki. Dawa ikiisha, wanaamka, na vipande vya utelezi vinakatika na kuingia katika maji mapya. Hata mikrobi ya kolera inajua kujificha hivyo, na kolera kwetu si hadithi: mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi kule Goma.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1683 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliandika juu ya vidudu vya uchafu wa meno yake. Alisafisha meno kwa siki, akakuta siki imeua vile vya nje tu, haikupita ndani.

Kwa hiyo naomba hivi: kila siku ya posho, kila chumba cha internati kisugue bidoni zake. Tia vijiwe vidogo safi na maji ya sabuni, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza mara mbili. Halafu ndipo maji na dawa. Wengine watasema tunachoka. Kweli, lakini kazi hii haiombi feza, na mgonjwa wa tumbo anachoka zaidi.

Katika Matayo 23 Yesu aliwakemea Mafarisayo waliosafisha kikombe nje tu. Bidoni ndiyo kikombe chetu sote.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Biolojia-Kemia