Modemu Yako Si Mbovu, Imejifanya CD

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna uongo ambao umezunguka kati ya Kitale na Bungoma tangu modemu za USB zianze kuuzwa madukani, na bado nausikia: eti Linux haitambui modemu. Mtu ameweka Ubuntu yake safi, anachomeka modemu, taa inawaka, lakini intaneti hakuna. Anaipeleka laptopu kwa fundi. Fundi ana dawa moja tu ya kila ugonjwa: futa diski, weka Windows ya kunakiliwa. Mteja analipa na kurudi nyumbani na virusi juu.

Nasema ni uongo kwa sababu mara nyingi Linux imekitambua kifaa vizuri kabisa. Imeamini kile ambacho kifaa chenyewe kilisema. Na kifaa kilisema: mimi ni CD.

Ndiyo, CD! Watengenezaji kama Huawei na ZTE waliweka ndani ya modemu sehemu ndogo ya kumbukumbu yenye programu ya Windows. Ukichomeka, kifaa hujitambulisha kwanza kama kiendeshi cha CD. Windows hufungua hiyo "CD" na kuweka draiva, kisha draiva hutuma ujumbe mfupi wa kukiambia kifaa kiwe modemu sasa. Kifaa hujichomoa chenyewe (bila wewe kukigusa) na kurudi na namba nyingine ya utambulisho. Hila hii inajulikana kama ZeroCD.

Sikatai kwamba ilimfaa mtumiaji wa Windows. Laptopu ndogo hazikuwa na mahali pa kuweka CD, kwa hivyo draiva ilikuja imebebwa na modemu yenyewe. Ni akili nzuri. Ninachokataa ni kumuuzia mtu kifaa kinachovaa kinyago, halafu kumwambia kompyuta yake ndiyo kipofu. Mstari mmoja kwenye boksi ungetosha: "Kwenye Linux, kifaa hiki huanza kama CD." Gharama yake ni wino tu.

Hebu usiniamini, jipimie mwenyewe. Chomeka modemu, ngoja sekunde kama 20, fungua terminali uandike:

lsusb

Tafuta mstari wenye 12d1 ikiwa modemu ni ya Huawei, au 19d2 ikiwa ni ya ZTE. Hiyo ndiyo namba ya mtengenezaji. Namba inayofuata ndiyo inayofichua siri. Ukiona 12d1:1446, hiyo ni Huawei ikiwa bado imevaa kinyago cha CD. Ikishageuka, itasoma 12d1:1001 au 12d1:1436, kulingana na modeli. ZTE nyingi huanza na 19d2:2000 na kugeuka kuwa 19d2:0031. Ukiona mstari huo, poti yako ni nzima, kebo ni nzima, na Linux inaona. Fundi akisema haioni, muulize kama aliandika amri hiyo moja. Wengi hawakuiandika.

Dawa nayo ipo tangu 2007. Josua Dietze aliandika programu iitwayo usb_modeswitch, ambayo kazi yake ni kutuma ule ujumbe mfupi ambao draiva ya Windows hutuma. Ni programu huria, na iko kwenye hazina za Debian, Ubuntu na Fedora. Ikiwa imewekwa, modemu nyingi hugeuka zenyewe ukichomeka. Isipogeuka, ilazimishe:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J

Kisha:

ls /dev/ttyUSB*

Zikitokea ttyUSB0, ttyUSB1 na wenzake, umeshinda. Draiva ya kerneli iitwayo option imeishika modemu, na NetworkManager itakuuliza mtandao wako tu. Kwa laini ya Safaricom, APN ni safaricom.

Sasa niwageukie watu wangu wenyewe, maana hapa lawama si ya kampuni peke yake. Sisi wa Linux tuna ubaya wetu. Mtu anauliza kwa upole, anajibiwa "soma mwongozo". Ausome wapi, na intaneti ndiyo anayoitafuta? Hata jibu zuri la "weka usb_modeswitch" linataka upakue programu kwa modemu ambayo haifanyi kazi mpaka upakue programu. Ni kama kumwambia mtu funguo za nyumba ziko ndani ya nyumba.

Tukumbuke tunaongelea wapi. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa mnamo Julai 2009, magazeti yalishangilia. Lakini kutoka Mombasa hadi Kiminini au Chwele, safari hiyo iliishia kwenye mnara wa simu na kijiti cha USB. Kwa mwanafunzi wa huku, modemu ndiyo ilikuwa intaneti yote. Namjua mmoja wa Bungoma aliyepeleka laptopu kwa fundi Kitale, na jibu likawa: "Kijana, hii Linux yako haijui modemu. Tukuwekee Windows." Akawekewa. Ripoti yake ya mradi ilikuwa kwenye ile diski, na hakuna aliyemuuliza kama ana nakala. Modemu ilikuwa nzima tangu asubuhi.

Kwa hivyo ukimsaidia mtu, msaidie kwa njia isiyotaka intaneti. Ziko mbili.

Ya kwanza ni simu. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB, na Linux itaiona kama kadi ya mtandao. Pakua usb_modeswitch hapo, kisha chomoa simu. (Ndiyo, unaweza kuuliza modemu ni ya nini tena ikiwa una simu. Simu ina kazi nyingine, na betri yake inakwisha.)

Ya pili ni ya zamani na tamu zaidi. Kwa kuwa kifaa kimejifanya CD, kitendee kama CD: kitoe!

eject /dev/sr0

Ikiwa laptopu ina kiendeshi cha CD cha kweli, basi tumia sr1. Modemu kadhaa za ZTE hugeuka papo hapo kwa amri hiyo, bila kupakua chochote. Huawei nyingi ni wabishi, hizo zinataka usb_modeswitch.

Angalia pia usihangaike bure na modemu za HiLink, kama Huawei E3372h. Hizo zikishageuka hazileti ttyUSB yoyote. Zinakuja kama kadi ya mtandao, na mipangilio yake iko kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.8.1. Nimeona watu wakitafuta ttyUSB0 jioni nzima huku intaneti imeshaunganishwa.

Na ikiwa lsusb haionyeshi 12d1 wala 19d2 kabisa, hapo ndipo ushuku kifaa. Anza na umeme. Poti ya USB 2.0 huahidi miliampea 500, na modemu ikitafuta mnara wa mbali hula sana. Ile Huawei E220 ya zamani ilikuja na kebo yenye vichwa viwili vya USB kwa sababu hiyo hiyo. Ondoa kebo ya kurefusha, ondoa habu, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, jaribu poti ya upande wa pili. Kisha jaribu modemu kwenye kompyuta nyingine. Ikikosekana huko pia, hiyo imekufa, na hata Windows haitaifufua.