Uhuru wa Ethiopia Hauishii Adwa

Kila Ethiopia inapotajwa darasani, jibu huwa moja: Adwa, 1896. Tunasema "nchi ambayo haikutawaliwa", kisha tunafunga madaftari. Kauli hiyo ni tamu, lakini inatupofusha. Inawafuta waliouawa Debre Libanos, na bila wao habari ya uhuru wa Ethiopia ni nusu.

Debre Libanos ni monasteri ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kaskazini mwa Addis Ababa. Ilianzishwa karne ya 13 na Mtakatifu Tekle Haymanot. Majeshi ya Mussolini yaliingia Addis Ababa mwaka 1936. Tarehe 19 Februari 1937, vijana wawili wenye asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia mabomu Rodolfo Graziani, aliyeitawala nchi kwa niaba ya Roma. Alijeruhiwa, hakufa. Kwa siku tatu maelfu ya raia wa mji waliuawa na nyumba zao kuchomwa moto.

Mwezi Mei ikawa zamu ya monasteri, ikituhumiwa kuwahifadhi vijana wale. Jenerali Pietro Maletti aliagizwa kuwaua watawa. Graziani mwenyewe aliripoti Roma kwamba watawa 297 na watu wengine 23 walipigwa risasi. Baadaye wakafuata mashemasi 129. Watafiti Ian Campbell na Degife Gabre-Tsadik wanakadiria kuwa waliokufa ni kati ya 1,400 na 2,000 hivi.

Wapo watakaosema: monasteri ni ya dini moja, na Ethiopia ina Waislamu na wengine wengi, itakuwaje alama ya taifa zima? Hoja hii ina uzito, hasa tukikumbuka kuwa kanisa hilo lilikuwa bega kwa bega na wafalme, na si kila raia alikuwa huru chini yao. Lakini watawa hawa hawakuuawa kwa namna yao ya kusali. Waliuawa kwa sababu mvamizi aliona mahali pale pana heshima inayoweza kuwaunganisha watu. Adui aliitambua alama hiyo kabla yetu.

Tena, miongoni mwa askari waliotumwa walikuwamo Waafrika Waislamu kutoka makoloni mengine ya Italia, kwa dhana kwamba hawatasita kuwaua Wakristo. Huo ndio ugawe utawale. Tukisema msiba ule ni wa Wakristo peke yao, tunammalizia mkoloni kazi yake.

Na haki iko wapi? Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimhukumu Graziani miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akafungwa miezi michache tu. Kwa damu ya Ethiopia hakushtakiwa kamwe. Mwaka 2012 mji wa Affile, Italia, ukamjengea mnara wa heshima! Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Wahadhiri wetu, wanafunzi wenzangu: tuuweke mwaka 1937 kando ya 1896. Adwa inatufundisha kwamba Mwafrika aliweza kushinda. Debre Libanos inatufundisha bei iliyolipwa na wasiokuwa na bunduki, hadi mvamizi alipofukuzwa mwaka 1941. Anayesherehekea ushindi wa kwanza na kuwasahau wafu wa pili hajausoma uhuru; amekariri tarehe.