Kuzidisha Alama Hakutoshi

Upimaji wa hatari za ubovu wa mitambo ni somo linalofaa kuanzwa shuleni, wala halihitaji maabara. Wanafunzi wa Katubuka, mjini Kigoma, wana bandari karibu, na katika historia yake wana meli ya Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Kabla ya hapo wahandisi waliipaka mitambo mafuta mazito. Hawakuwa na takwimu za meli zilizolala chini ya Ziwa Tanganyika. Ujuzi wao ndio uliowaambia kuwa adui ni kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927.

Jeshi la Marekani liliuwekea ujuzi wa namna hiyo utaratibu wa maandishi mwaka 1949. Baadaye viwanda vikaongeza alama: wataalamu hutoa 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, kwa wepesi wa kutokea, na kwa ugumu wa kugundua, kisha alama huzidishwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Ichukuliwe pampu ya kufua maji ya ngama: 9 × 2 × 4 ni 72. Winchi inayovuja mafuta: 3 × 9 × 3 ni 81. Kwa hesabu hiyo winchi itengenezwe kwanza, na pampu ingoje! Alama hizo huonyesha mpangilio tu, kama nafasi za wanafunzi darasani. Wa pili hakukosa maradufu ya wa kwanza. Taifa lililopoteza mamia ya watu katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 halina sababu ya kukubali foleni ya namna hiyo. Watengenezaji wa magari wa Marekani na Ujerumani walipotoa mwongozo wao wa pamoja mwaka 2019, waliacha kuzidisha, wakaweka jedwali linalotanguliza madhara.

Hata hivyo wataalamu hawawezi kuachwa. Yafaa kila mmoja aandike alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, maana fundi mkuu akishasema, wadogo hunyamaza. Na kijana anayetia mafuta, ambaye husikia mlio wa beringi kila siku, hana budi kuwamo. Mmoja akiandika 2 na mwenzake 8, wastani wa 5 usichukuliwe upesi. Aulizwe kwanza yule wa 8 ameona nini.