Watupime kwa kazi, wasitupime kwa muhuri

Wapapa, wamama, vijana wa Kipushi, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkafika kwetu: leo nasema juu ya testi ya kazi.

Kijana mmoja alitoka Goma mwaka 2025, M23 walipouteka mji. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Diploma ilibaki nyumbani. Lubumbashi kila biro inamwuliza: "Karatasi iko wapi? Nani anakujua hapa?" Hakuna aliyemwambia: "Kaa, utuonyeshe unachoweza."

Hilo ni kosa, na patron ndiye anayepoteza wa kwanza. Programu haijui mjomba wako ni nani. Ikiandikwa vibaya, hesabu ya mishahara itatoka kombo hata kama aliyeiandika ana mihuri kumi. Dereva tunampa gari azunguke kwanza tumwone. Mwandika programu je? Mwaka 1998 wachunguzi wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya uchunguzi wa miaka 85 juu ya kuajiri. Walikuta kwamba kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe kunaonyesha atakavyofanya kazi, kuliko kuhesabu miaka aliyokaa shuleni.

Wengine watajibu: testi nayo ni wizi. Wana haki, maana mimi mwenyewe yalinipata. Ofisi moja, sitaitaja, ilinipa "testi" ya siku tatu: kutafsiri matangazo na kuyarekodi. Kisha kimya. Baadaye nikasikia maneno yangu hewani, kwa sauti ya mtu mwingine. Ile haikuwa testi, ilikuwa kazi bila mshahara.

Kwa hiyo tudai testi ya haki. Iwe ya saa moja au mbili, maswali yaleyale kwa wote. Kompyuta na umeme vitoke kwa mwajiri, maana aliyekimbia vita hana mashine, na hapa kwetu umeme unakatika. Kazi iliyoandikwa kwenye testi isitumiwe. Anayesahihisha asione majina, na matokeo yabandikwe ukutani. Tabia ya mtu wataiona baadaye: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inakubali muda wa majaribio usiopita miezi 6, na mfanyakazi analipwa.

Mgodi wetu ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Tangu hapo kila nyumba ina mtu anayesubiri kuitwa, na watoto wetu wanajifunza kompyuta. Kama milango itabaki kwa wenye mjomba ofisini, watakuwa wamejifunza bure.

ONEM na wakubwa wa kampuni, tunawasubiri. Na wewe msikilizaji, ukiombwa matabishi ili ukae kwenye testi, au kazi yako ikitumiwa bila malipo, uje redioni utuambie. Jina lako hatutalitoa.