Akili unde ipime mimba Kibera, ila nesi abaki na neno la mwisho

Leo tuongee juu ya kompyuta zinazopima watoto wakiwa bado tumboni.

Watafiti wa King's College London wanatumia mashine ya MRI ya tesla 0.55 katika hospitali ya St Thomas' (za kawaida ni 1.5 au 3). Mtoto tumboni hatulii, kwa hiyo picha hupinda, na mtaalamu huketi baadaye akichagua picha na kupima kichwa kwa mkono. Wao wameandika programu inayotafuta ubongo wa mtoto na kuelekeza mashine ipige picha sawasawa mama akiwa bado ndani. Zipo pia programu zinazochukua vipimo vya kichwa zenyewe. Mimi kama mwandishi wa programu naivulia kofia kazi hiyo.

Sasa tuje huku kwetu. Swali la mama wa Kibera au Kawangware huwa la msingi zaidi: mimba ina wiki ngapi? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Asiyeipata hukadiriwa kwa tarehe ya hedhi ya mwisho na tepu ya kupimia tumbo. Tarehe ikisahaulika, hesabu yote inayumba. Na uchungu ukianza, wiki 33 na wiki 37 ni mambo mawili tofauti: wa wiki 33 anahitaji hospitali yenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Kwa hiyo macho yangu yako kwenye ultrasaundi. Mwaka 2022 tafiti zilizotumia data ya Zambia na Marekani zilionyesha kwamba mtu asiye mtaalamu akipitisha kifaa tumboni kwa mistari iliyopangwa, programu inaweza kukadiria umri wa mimba karibu sawa na mtaalamu. Machi 2023 Google ilitangaza kushirikiana na Jacaranda Health ya hapa Kenya katika utafiti huo.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe macho. London programu inamwokolea mtaalamu muda. Ikikosea, yeye yupo na atarekebisha. Kwenye kituo kidogo Kawangware inachukua nafasi ya mtaalamu asiyekuwepo. Ikikosea, nani ataona?

Wengine husema afadhali kitu kuliko kukosa kabisa. Mimi nasema pasipo na mtaalamu, masharti yawe makali zaidi. Ipimwe kwanza kwa akina mama wa hapa hapa. Ionyeshe inaweza kukosea kwa siku ngapi. Picha ikiwa mbaya, ikatae kujibu. Ifanye kazi intaneti ikipotea. Na nesi awe na kitufe cha kulikataa jibu, sababu yake ikihifadhiwa.

Kuandika kitufe hicho ni kazi ya siku moja. Kukiacha kunaweza kumgharimu mtu mtoto. Mnaonaje, hasa nyinyi manesi na wakunga?