Bahari Inasingiziwa

Harusi iko Mombasa, jamaa wako Seeb, Ruwi na Al Khuwair, na kila nyumba imefungua simu yake. Picha ikikwama, wakubwa husema, "Ni bahari hiyo." Sisi tunaona bahari inasingiziwa.

Mkongo wa TEAMS umeunganisha Mombasa na Fujairah tangu 2009, kama kilomita 5,000. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo unavuka kwa sehemu 25 za elfu za sekunde. (Babu zetu walingoja kusi ndipo majahazi yarudi huku.) Njiani mna vikuza mwanga. Huuongezea nguvu, ila kila kimoja hutia na kelele yake kidogo, na wahandisi huihesabu kelele hiyo kabla mkongo haujatandikwa.

Tabu iko kwenye kugawa. Mwanga mmoja ukigawiwa nyumba 32, kila nyumba hupata kama asilimia 3 tu ya nguvu ya mwanzo. Mtaani inatosha, masafa ni mafupi. Lakini ukigawa hivyo Mombasa, unavusha vipande dhaifu, na kikuza hakijui kubagua: hukuza mwanga pamoja na kelele. Afadhali ivuke nakala moja yenye nguvu, kisha mtambo wa upande huu uisome na kuiandika upya mara nyingi. Nakala ya namna hiyo haipungui chochote.

Wazo si geni. Steve Deering alitoa kanuni za multikasti ya intaneti mwaka 1989, na kampuni za simu huitumia kurusha televisheni ndani ya mitandao yao. Baina ya mtandao na mtandao ni nadra kupita. Wenye fedha hujiwekea seva za nakala karibu na watazamaji, ndiyo maana mpira wa Ulaya hautusumbui. Harusi ya Mombasa haina wa kuiwekea seva. Huenda ikazungushwa hadi seva ya mbali, kisha kila nyumba hapa ivute nakala yake peke yake.

Tunapendekeza chama kianze na kidogo. Mdahalo wetu ujao na wanafunzi wa Mombasa uvuke mara moja tu, upokewe na kompyuta moja ya maabara, na igawe humu chuoni. Walimu wa uhandisi, tunaomba hiyo kompyuta na ruhusa ya kuitumia jioni moja. Watakaosema Waswahili ni wachache mno kwa kazi hiyo, waje wahesabu viti.

Waifai ya bibi iliyofichwa nyuma ya kuta tatu, hiyo hatuiwezi.