Saraka ya Barua Zisizofunguliwa

Katika meza ya jikoni kwangu ilikuwapo saraka moja ambayo kwa muda wa miaka miwili haikufunguliwa illa kwa kutiwa kitu ndani. Mke wangu alidhani ni ya karatasi za jumuiya, wanangu walidhani ni ya risiti. Na mimi, niliyejua vyema kilichomo, kila asubuhi, nikirejea kutoka zamu ya usiku, nilikuwa nikiziokota mlangoni zile bahasha zenye dirisha la plastiki, nikazitia humo bila ya kuzifungua, kisha nikaenda kulala kana kwamba deni lisilosomwa halipo.

Naanza tahariri hii kwa habari za nafsi yangu, kinyume cha desturi ya ukurasa huu, kwa sababu mwaka huu wamenijia watu wa jumuiya yetu zaidi ya mmoja, kila mmoja kwa kunong'ona na baada ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, wakiuliza jambo lile lile, na kila mmoja akidhani kuwa ni yeye peke yake aliyefikwa. Nimeona si insafu mhariri aandike juu ya madeni ya watu ilhali ya kwake ameyafunika.

Madeni yangu hayakutokana na anasa, na nadhani ya wengi wetu hayakutokana nayo. Nyumba ya kulelea wazee nilimokuwa nikifanya kazi ilikuwa nje ya mji, na siku za Jumapili basi la kwanza hupita wakati zamu ya asubuhi imekwisha kuanza. Kwa hiyo benki ikanikopesha fedha za gari. Kisha mama akafariki Unguja, ikabidi tiketi mbili zikatwe kwa kadi ya mkopo usiku ule ule, kwa bei ya usiku ule ule, na khitma ikafuata. Mwaka haujaisha, mdogo wangu akaoa. Wahenga walinena kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa kwa yote mawili. Ukiongeza akaunti ya benki niliyoivuta kupita kiasi na duka lililotuuzia jokofu kwa mafungu, jumla ilikuwa pauni 7,680, na juu yake kodi ya baraza la mji ambayo nilikuwa nimeacha kuilipa.

Hiyo kodi ya baraza ndiyo iliyonifundisha ujinga wangu. Wenye kadi walikuwa wakipiga simu mara tatu kwa siku, na mimi, kwa kutahayari mbele ya watoto, niliwalipa wao. Baraza la mji halikupiga simu, liliandika barua tu, na barua makazi yake yalikuwa saraka. Nilimlipa mwenye sauti kubwa nikamwacha mwenye nguvu. Hatta siku moja, mchana, dalali wa mahakama akabisha hodi akiwa na karatasi mkononi, na jirani yangu yuko kizingitini pake akimwagilia maua. Mintarafu ya nchi hii ya Uingereza, basi, kila mmoja wetu na ajue kwamba yako madeni yanayotangulia: kodi ya nyumba au rehani yake, kodi ya baraza, gesi na umeme, faini za mahakama, haya, yasipolipwa, huweza kumtoa mtu nyumbani mwake, kumkatia taa, au kumfikisha mbele ya hakimu. Kadi ya mkopo, ijapokuwa inapiga kelele, hufuata nyuma. Wala mdai wa kadi hawezi kumtia mtu gerezani, kama wanavyohofu baadhi ya wazee wetu. Kifungo cha deni kilifutwa hapa kwa sehemu kubwa mwaka 1869. Kabla ya hapo kilikuwapo kweli, na baba yake Charles Dickens alifungwa London mwaka 1824 kwa deni la mwoka mikate, pauni 40 na shilingi 10, na siku hizo mwanawe wa miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu.

Baada ya yule dalali kuondoka nilipiga simu kwenye shirika moja la hisani linaloshauri wenye madeni bila ya malipo. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya watu wa kaskazini, nikamweleza kwa mzunguko mrefu, kama tufanyavyo, habari za kazi na za mama na za harusi, naye akasikiliza yote, kisha akasema: tuzifungue barua, moja moja, mimi nitangoja. Nikachukua kisu cha siagi nikazifungua. Zilikuwa 41. Kila moja nilimsomea tarehe, jina la mdai, na kiasi. Na nilipofika ya ishirini hivi nilitambua kwamba nyingi zilikuwa zikisema jambo moja, na kwamba lile rundo lililonikosesha usingizi miaka miwili lilikuwa wadai wanne tu na baraza la mji.

Alichonitengenezea ni mpango wa kulipa madeni, ambao Waingereza huuita kwa herufi tatu, DMP. Asili yake ni karatasi moja: upande huu pato, upande huu masurufu ya nyumba, yaani kodi, chakula, umeme, nauli, mavazi ya watoto, na fungu la kumalizia yale madeni yanayotangulia; kinachobaki baada ya hayo, na si zaidi ya hicho, ndicho wanachogawana wadai wengine. Kwangu zilibaki pauni 120 kwa mwezi. Mwenye kadi, aliyenidai 3,840, yaani nusu ya jumla, alipata 60. Benki ya mkopo wa gari, yenye robo, 30. Ile akaunti iliyovutwa, yenye sudusi, 20. Na duka la jokofu, lenye nusu ya sudusi, 10. Aliyepata kusoma ilimu ya mirathi katika madrasa zetu hataona ugeni hapa, kwani mafakihi, walipokuta mafungu ya warithi yamezidi mali iliyoachwa, hawakumpa mmoja wakamnyima mwingine, bali walipunguza kila fungu kwa kadiri yake, wakaiita aul, na mfano walioutumia kuieleza ulikuwa ni huu huu wa wadai wengi na mali haba.

Lakini nisiwapambie. Mpango huu ni mapatano tu, si amri ya mahakama. Mdai hakulazimika kuukubali, wala hakulazimika kusimamisha riba, ingawa wengi huisimamisha waonapo hesabu imeandikwa kwa uaminifu. Kwangu watatu walikubali mara moja, wa nne akaendelea kuongeza riba miezi kadhaa na kuleta barua za vitisho, kisha akanyamaza. Miezi 64 iliyohesabiwa katika karatasi ikawa 66. Fauka ya hayo, alama ya kutolipa hukaa katika kumbukumbu za mikopo za mtu muda wa miaka sita, na katika muda huo hata mkataba wa simu huweza kukataliwa. Nilikataliwa. Nikatumia simu kuukuu ya mwanangu, na ulimwengu haukusimama.

Yako mambo ambayo mpango huu si dawa yake. Mtu asiye na mali, ambaye kila mwezi baada ya masurufu habakiwi na zaidi ya pauni 75, na madeni yake hayazidi pauni 50,000 (ndicho kipimo cha Uingereza na Wales tangu Juni 2024), huenda akastahiki amri ya msamaha wa madeni, DRO, ambayo ada yake ya pauni 90 ilifutwa mwaka huo huo; na kumwambia mtu wa namna hiyo alipe pauni tano kwa mwezi kwa miaka thelathini ni kumtwisha gunia ili tupate kumsifu kwa ustahimilivu. Vile vile tangu tarehe 4 Mei 2021 mshauri aliyeidhinishwa huweza kumwombea mdaiwa muhula wa siku 60, ambao ndani yake madeni mengi huwa hayaongezwi riba wala hayafuatiwi na madalali. Wenzetu wa Scotland wana sheria zao mbali. Haya yote huulizwa bure kwa StepChange, National Debtline, Citizens Advice au PayPlan. Nawataja kwa majina kwa sababu rafiki yangu mmoja, miaka mingi nyuma, aliitikia tangazo la kampuni nyingine ikamwandikia mpango kama huu, na malipo yake mawili ya mwanzo yakaingia mfukoni mwao, asipate mdai hata peni. Naye akawa anadhani analipa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Sisi watu wa mwambao tunadhani kwamba kuficha deni ni mila yetu, na kwamba kulisema ni kuvunja sitara. Sioni ithibati yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Baqara, inahusu deni, kwamba liandikwe na lishuhudiwe. Babu zetu wa Unguja na Pemba, walipohitaji fedha, waliandikiana bei ya khiyari, ambayo mwenye shamba huliuza kwa sharti ya kulirejesha akilipa katika muda uliotajwa, na aghalabu huendelea kulikaa mwenyewe huku akitoa ijara. Na waraka huo ulikuwa na mashahidi na tarehe, na mji mzima ukijua shamba la nani limo katika khiyari ya nani. Sisemi kwamba mambo hayo yalikuwa mema. Mashamba mengi ya mikarafuu yalikwenda kwa njia hiyo, hatta serikali ya Himaya ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isihame kwa deni. Nasema tu kwamba deni lilikuwa na waraka, na mwenye deni alikuwa na watu waliolijua. Hii saraka tumeichonga wenyewe, hapa ugenini, ambako tunaogopa watu tuliowaacha nyumbani, wanaodhani tumekwisha kufaulu, wasije wakatuona tumeshindwa.

Katika ile karatasi ya masurufu palikuwa na mstari ambao yule mwanamke hakujua autie wapi. Nilimwambia natuma nyumbani pauni 150 kila mwezi. Akaniuliza: je, hilo ni deni? Nikanyamaza. Si deni; hapana waraka, hapana riba, hapana dalali atakayebisha hodi. Wala si sadaka, kwa kuwa sadaka mtu huweza kuiacha mwezi mmoja bila ya kupigiwa simu. Tukakubaliana aandike 50, kisha yeye akaenda zake na mimi nikabaki na kazi ambayo hakuna shirika la hisani linaloweza kunifanyia, nayo ni kumpigia simu ami yangu, mpokeaji wa fedha hizo.

Nilingoja siku tisa. Nikaamkia, akaitikia, tukaulizana hali ya kila mtu mpaka ya paka, kisha nikasema: "Ami, nina madeni. Sitaweza kuleta kama zamani." Kimya kikapita, nami nikawa nasikia muadhini wa Malindi ya Unguja kwa mbali.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na zote hizi ulizoleta zilikuwa za kukopa?"

"Baadhi yake."

"Laiti ungelisema," akaniambia. "Mwaka jana tuliipaka nyumba chokaa, ndani na nje, kwa fedha zako. Chokaa ingelingoja."

Sikusikia lawama katika maneno yale, na nimeyafikiri mara nyingi tangu siku ile. Miezi mingi ya barua, ya simu, ya kumlaza mke wangu katika shaka, ilikuwa imepakwa ukutani Unguja na mtu ambaye angaliridhika na ukuta wa zamani.

Liko jambo la upatu pia, nami nitalipita kwa haraka kwa kuwa kijumbe wetu husoma jarida hili. Aliyekwisha kupokea zamu yake naye bado ana michango ya kutoa, huyo ana deni sawa na deni la benki, na ni wajibu amweleze mshauri. Na kijumbe mwenye busara atakubali achangiwe nusu kwa miezi mingi kuliko kukimbiwa.

Kamati ya jumuiya imekubali kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya darasa la watoto, chumba cha nyuma kitakuwa wazi, nasi tutakaa na mtu kumsaidia kuandika karatasi yake na kupiga simu, na kumfasiria Kiingereza kikiwa kigumu; ushauri wenyewe watautoa wenye idhini yake, si sisi. Tulibishana nusu saa kama kiti kielekee mlangoni au ukutani. Kitaelekea mlangoni. Anayetaka na aje na barua zake hivyo hivyo zilivyo. Kisu cha siagi nitakuja nacho.